Hana Kazi?

Andiko: Mwanzo 2:15, Mathayo 20:1-16



Neno "kazi" tunalitumia kila siku, na maana yake hubadilika. Tukiuliza chombo hiki ni cha kazi gani, tunataka kujua matumizi yake. Tukisema "kuko kazi", tunamaanisha kuna taabu. Tukisema kazi ya fulani ni kusengenya, tunataja tabia yake. Tukitoka kuhubiri, tumefanya kazi ya Mungu. Lakini hapa Lubumbashi, ukiuliza, "Baba yako anafanya kazi?", maana inabaki moja: kuna kampuni inayomlipa mwisho wa mwezi?

Maana hiyo ina historia. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, kisha Gécamines iliyoirithi, zilimpa mfanyakazi mshahara, nyumba kambini, posho, hospitali na shule ya watoto. Kazi ikawa heshima ya mtu. Halafu mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wababa wengi wakabaki nyumbani, na majirani wakasema: "Hana kazi tena." Neno hilo linaumiza mpaka leo. Mama anaamka saa kumi ya usiku, anauza makala mpaka jua linazama, analipia watoto masomo. Ukimuuliza, anajibu: "Sina kazi, ninajitafutia tu."

Biblia inasema vingine. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kitenzi cha Kiebrania kinachotumika pale ni abad: kulima, kutumika, tena kuabudu. Ndicho kilekile cha Kutoka 3:12, Mungu anapomwambia Musa kwamba Israeli watamwabudu mlimani. Katika bustani ile hapakuwa na kampuni wala mshahara, na dhambi ilikuwa haijaingia. Lakini kazi ilikuwapo, nayo ilikuwa ibada.

Hatusemi mshahara ni kitu bure. Bukari hainunuliwi kwa maombi peke yake. Wale wa Mathayo 20 walisimama sokoni mpaka saa kumi na moja, kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwaita wavivu. Aliwapeleka shambani, akawapa dinari nzima. Naye Paulo, katika 2 Wathesalonike 3:10, anamkemea asiyetaka kufanya kazi. Hamkemei aliyeikosa.

Basi, wapendwa, tuchunge vinywa vyetu. Tusimwite baba "hana kazi" mbele ya watoto wake. Kijana akija kuposa, tusiulize tu jina la kampuni. Tuulize mikono yake inafanya nini. Na wewe mama wa makala, kesho ukiulizwa, jibu bila haya: "Ninafanya kazi." Mungu wa bustani anakuona na kapu lako.

Mungu awabariki. Amina.