Kinachoingia Si Lazima Kishike: Kuchagua Fitingi za Mipira ya Haidroliki

Shikeni kalamu na karatasi, maana leo tutasoma herufi na hesabu zilizoandikwa kwenye mashine. Mtu asiyezisoma anaweza kupoteza mkono wake.

Kwanza tuelewane maneno. Wengi wenu mmeona trekta likiinua jembe, au trela likiinuka nyuma yake kumwaga mahindi. Injini huzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta. Mafuta hupita ndani ya mpira mpaka kwenye silinda, na silinda huinua mzigo. Kile chuma kilichobanwa kwenye ncha ya mpira huitwa fitingi. Ikiwa fitingi hailingani na tundu la mashine, huwekwa kipande cha chuma katikati ili kuviunganisha. Kipande hicho ni adapta.

Je, mafuta hayo yana nguvu gani? Kwenye matrekta mengi msukumo wake hukaribia bar 200. Bar 1 ni karibu sawa na uzito wa kilo 1 uliokaa juu ya sentimita 1 ya mraba. Tazameni ukucha wa kidole gumba. Ukubwa wake ni karibu huo. Basi bar 200 ni kama mifuko 4 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, iliyopangwa juu ya ukucha mmoja. Gurudumu la lori hujazwa upepo wa bar 7 au 8 tu.

Sasa mwalimu wa darasa aandike ubaoni hivi: 2SN, 1/2, 275 BAR. Maandishi ya namna hii huchapwa ubavuni mwa mpira. Tuyasome pamoja. Ile 2 ya kwanza inasema kwamba ndani ya mpira mna matabaka mawili ya waya uliosukwa. 1/2 ni upana wa tundu la ndani, yaani nusu inchi. Pengine badala yake mtaona namba 8, maana yake sehemu 8 katika sehemu 16 za inchi. Ni nusu inchi vile vile. 275 BAR ni msukumo mkubwa kabisa unaoruhusiwa kazini.

Mpira wa 1SN wa nusu inchi una tabaka moja tu la waya, nao umeandikwa 160 BAR. Kwa macho mipira hii miwili inafanana sana. Trekta letu lina bar 200. Tuchague upi? 160 ni ndogo kuliko 200, kwa hiyo mpira wa 1SN haufai, hata kama bei yake ni nafuu. Angalieni pia kama pameandikwa PSI badala ya BAR. Hicho ni kipimo kingine: bar 200 ni karibu PSI 2,900.

Sasa tuje kwenye fitingi zenyewe. Chuma chake kimechongwa mistari ya kuzunguka ili nati ipate kujifunga. Mafundi huiita tredi. Tredi zina meno, na meno hayo si ya namna moja. Mwaka 1841, huko Uingereza, Joseph Whitworth alipendekeza meno yenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1864, huko Marekani, William Sellers alipendekeza digrii 60. Mpaka leo tredi za bomba za Kiingereza, zinazoitwa BSP, zina digrii 55. Za Kimarekani, zinazoitwa NPT, zina digrii 60. Mashine za Wajerumani nazo nyingi zina tredi za milimita.

Hapa ndipo penye mtego. Fitingi ya nusu inchi ya BSP ina meno 14 katika kila inchi. Ya NPT ya nusu inchi ina meno 14 pia. Ukiifunga moja ndani ya nyingine, itaingia mizunguko michache kisha itakaza. Fundi atafuta mikono na kusema, "Imekubali." Lakini haikukubali. Meno yamegusana kwenye ncha tu, nayo mafuta yatapenya, au fitingi itachomoka kwa kishindo.

Fitingi nyingine huziba kwa mdomo ulio kama koni. Ziko zenye mdomo wa digrii 37 na ziko za digrii 45, na katika baadhi ya ukubwa tredi zake ni zile zile. Nati itaingia vizuri, lakini midomo haitalala pamoja. Kuzungushia utepe wa mafundi bomba kwenye tredi hakusaidii, maana hapo pa kuziba ni mdomoni, si kwenye tredi. Nyingine huziba kwa pete ya mpira. Pete ikikatika, kaza utakavyokaza, itavuja.

Iko hatari nyingine. Vifaa vya bomba la maji vinavyouzwa madukani mwetu vina tredi ya BSP vile vile. Vitaingia kwenye mashine bila taabu. Lakini vimetengenezwa kwa maji ya nyumbani, si kwa mafuta ya bar 200. Kumbukeni: nguvu ya mnyororo ni nguvu ya pete yake iliyo dhaifu. Mpira wa bar 275 ukiungwa kwa kifaa cha maji, hauna tena bar 275.

Na mkiona mafuta yanavuja, msipapase kwa mkono. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi. Jeraha ni kitone tu, na mwanzoni huenda lisiume sana. Lakini ndani nyama inaoza, na mtu asipopasuliwa mapema huenda akakatwa kidole au mkono. Aende hospitali mara moja, akaseme wazi kwamba ameingiwa na mafuta ya mashine. Kutafuta uvujaji, zima injini, shusha mzigo, ondoa msukumo, kisha kagua. Ikibidi kukagua mashine ikiwa inafanya kazi, pitisha kipande cha boksi au ubao, nawe ukae mbali.

Basi mnapokwenda dukani fanyeni hivi. Chukueni fitingi ya zamani pamoja na mpira wake. Someni maandishi. Pimeni upana wa tredi, hesabuni meno, na linganisheni kwa geji ya tredi. Tazameni inaziba wapi: kwenye tredi, mdomoni, au kwenye pete. Adapta ziwe chache iwezekanavyo, kwa sababu kila kiungo ni mlango wa kuvujia.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Mashine ina bar 250. Je, mpira wa 2SN wa nusu inchi unafaa? Wa 1SN je?
2. Namba 4 kwenye mpira ni sehemu gani ya inchi?
3. Kwa nini fitingi iliyoingia na kukaza huenda isishike?

Andikeni majibu katika madaftari yenu. Kwaherini mpaka juma lijalo.