Mizani ya alama katika somo la historia

Ndugu msikilizaji, kila matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita yanapotangazwa, swali linalozunguka mitaani ni moja tu: "Amepata ngapi?" Utalisikia Kirumba, utalisikia Igoma na Buhongwa, utalisikia kwenye vivuko vinavyokwenda Ukerewe. Ni nadra sana kumsikia mzazi akiuliza, "Amepimwa nini?" Leo nataka tulizungumzie swali hili la pili, nami nitachukua somo moja tu, yaani historia.

Alama zenyewe tunazijua. Kwa Kidato cha Nne, A inaanzia 75, B inaanzia 65, C 45 na D 30. Aliye chini ya hapo ana F. Kwa Kidato cha Sita mlima umeinuliwa kidogo, A inaanzia 80. Lakini namba hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Zimewekwa na watu, na watu wamekuwa wakizibadilisha. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi nzima ilitaharuki. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, aliunda tume, na ilipofika mwezi Mei matokeo yalifutwa na kupangwa upya. Wako vijana waliolia mwezi Februari kwa kufeli, na mwezi Mei wakahesabiwa kuwa wamefaulu, ilhali hawakuwa wamefungua hata ukurasa mmoja wa kitabu katikati ya miezi hiyo. Baadaye tukaletewa mfumo wa wastani wa pointi, GPA, na mwaka 2016 tukarudi kwenye divisheni zetu za zamani.

Katika misukosuko yote hiyo tulibishana juu ya namba: ishuke au ipande, iitwe divisheni au iitwe wastani. Ni wachache waliouliza kitu kinachowekwa juu ya mizani hiyo ni kitu gani.

Hivi karibuni nilipata ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa la Kidato cha Tano katika shule moja ya hapa jijini Mwanza. Kipindi kilikuwa cha historia, na mada ilikuwa mdororo mkuu wa uchumi duniani: jinsi soko la hisa la New York lilivyoanguka Oktoba 1929, jinsi mabenki ya Marekani yalivyofunga milango, na jinsi Rais Roosevelt, aliyeshika madaraka mwaka 1933, alivyokuja na mpango wake wa kuunyanyua uchumi. Mwalimu alijua somo lake. Alieleza vizuri, akaandika ubaoni hoja sita za sababu na hoja sita za athari, nao vijana wakanakili bila kuinua vichwa.

Kisha msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Wakati huo huku kwetu walikuwa wanalima pamba. Je, bei ya pamba nayo ilianguka?"

Mwalimu alitazama saa yake. "Swali zuri," akasema, "lakini hilo halitoki kwenye mtihani. Tuendelee."

Msichana akakaa. Kalamu zikaendelea.

Ndugu msikilizaji, hebu tuliangalie swali la binti huyu. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Mkulima wa Usukuma akapata njia fupi ya kufikisha pamba yake baharini. Mwaka uliofuata, New York ikaanguka, na bei za mazao kama pamba zikaanguka nayo duniani kote. Serikali ya kikoloni ilihitaji kodi vilevile, na dawa yake ikawa kuwahimiza Waafrika walime mazao ya biashara zaidi na zaidi, ili wingi ufidie unyonge wa bei. Kwa hiyo yule aliyepoteza kazi kiwandani Chicago na yule aliyeinama shambani Kwimba walikuwa wamefungwa kamba moja, bila hata mmoja wao kulijua jina la mwenzake. Binti aliiona kamba hiyo kwa akili yake mwenyewe. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo historia. Lakini siku ile haikuwa na alama.

Sisemi haya ili kumsuta mwalimu. Baada ya kipindi tulizungumza kwa kirefu chini ya mwembe. Ana mikondo mitatu, wanafunzi wengi kuliko madawati, na muhtasari mrefu wa kumaliza kabla ya mtihani wa majaribio wa mkoa. Aliniambia hivi: "Ndugu mtangazaji, mimi napimwa kwa A zao. Hakuna mkaguzi atakayeniuliza ni maswali mangapi mazuri yaliulizwa darasani."

Wala sisemi kwamba utaratibu wa kuhesabu hoja hauna maana. Una maana yake. Swali linaposema "eleza sababu sita", na msahihishaji akawa na mwongozo mbele yake, mtoto wa mvuvi wa Ukara na mtoto wa mkurugenzi wa Oysterbay wanapimwa kwa rula moja. Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, linasahihisha karatasi za nchi nzima. Bila mwongozo mmoja kila msahihishaji angekuwa na sheria yake, na upendeleo ungeingia kwa mlango wa mbele.

Tatizo linaanza pale mwongozo wa kusahihishia unapogeuka kuwa mwongozo wa kufundishia. Mwanafunzi anatambua mapema kwamba hatarajiwi kufikiri, anatarajiwa kukumbuka. Ananunua vijitabu vya maswali na majibu pale stendi, anakariri hoja sita, anazimwaga kwenye karatasi, na baada ya miezi mitatu zimeyeyuka kama barafu ya samaki juani. Juu ya hayo kuna suala la lugha. Historia ya sekondari kwa miaka mingi imejibiwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kijana anayeijua habari yote lakini akakosa maneno ya kigeni ya kuielezea, anaondoka na D. Tukiisoma D ile tunadhani hajui historia.

Watu wa kanda hii wana kumbukumbu ya mizani. Kabla ya uhuru, mkulima alipopeleka pamba yake kuuza, mizani ilikuwa mikononi mwa mnunuzi, na malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi. Wakulima hawakuishia kuomba bei ipande. Walidai kwanza mizani ichunguzwe, wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito. Kutokana na madai hayo vyama vya ushirika vilikua, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho moja kubwa la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wazee wale wengi wao hawakuwa na cheti chochote, lakini walielewa kwamba bei nzuri juu ya mizani mbovu ni hasara ile ile.

Na ng'ambo ya hapo, Musoma, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha azimio lililosema, pamoja na mengine, kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi. Kazi zake za mwaka mzima na mwenendo wake navyo vihesabiwe. Wazo lilikuwa jema. Lakini shule nyingi ziliyatimiza maendeleo hayo kwa kutunga majaribio mengine ya kukariri. Sasa mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Kizuizi cha lugha kimeondolewa katika somo hilo. Ikiwa nalo tutalipima kwa hoja sita za kukariri, tutakuwa tumebadili chupa na kuacha mvinyo ule ule.

Nini kifanyike? Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalosubiri fedha za wafadhili. Kwanza, mwalimu aandike ubaoni siku ya kwanza ya muhula kile anachotarajia: hoja ina alama ngapi, ushahidi una alama ngapi, na kuunganisha jambo la mbali na la karibu kuna alama ngapi. Mchezaji hawezi kulaumiwa kwa kukosa goli ambalo hakuonyeshwa lilipo. Pili, sehemu ya alama za shuleni itokane na kazi ya kutafuta. Mpeleke kijana makumbusho ya Bujora. Mtume kwa bibi aliyewahi kuuza pamba ushirika. Mpeleke makaburi ya Igoma, walikozikwa wahanga wa MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, kisha aandike meli ile ilizama kwa nini, na nani anasema hivyo. Tatu, karatasi iliyosahihishwa irudi kwa mwanafunzi ikiwa na maneno, walau sentensi moja, si namba nyekundu peke yake.

Nawe mzazi, mwanao akirudi na ripoti jioni ya leo, usikomee kwenye herufi. Muulize ni jambo gani mwaka huu limemfanya anyooshe mkono. Akikosa la kukujibu, basi hata A ile ina mushkeli, na ni vema ukamwone mwalimu wake.

Mpaka wiki ijayo, saa kama hii, nawatakia kila la heri.