Wakati ngozi haipatani na jua

Leo tunasema juu ya ugonjwa unaoitwa lupusi. Pengine hamujasikia jina lake, lakini mumeona alama zake: madoa kwenye mashavu mawili na juu ya pua, kama kipepeo aliyefungua mabawa. Kwenye ngozi yetu nyeusi si mekundu kila mara. Pengine ni meusi zaidi. Madoa mengine ni ya mviringo, meusi kandokando na meupe katikati; yakiota kichwani nywele zinatoka.

Unatoka wapi? Mwili una askari wanaopigana na mikrobe. Katika lupusi askari hao wanageuka na kupiga wenye nyumba. Basi si ulozi, wala si ukoma, tena hauambukizi. Mama mugonjwa anaweza kula na wenzake na kulala na mutoto wake. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake.

Tufanye nini?

1. Kimbia jua, sababu linaamsha ugonjwa. Enda shamba mapema, urudi mbele ya saa 4 asubuhi. Saa 10 unaweza kutoka tena. Usipoweza, vaa mikono mirefu na kofia pana, ao beba mwavuli. Kitambaa cha kichwa peke yake hakifuniki uso.

2. Acha pomadi za kuweupisha ngozi. Nyingi zina dawa kali. Ngozi inakuwa nyembamba na jua linaichoma zaidi. Pomadi ya kortizone uliyopewa na munganga, pakaa kidogo, siku alizosema tu. Usimugawie jirani.

3. Kama munganga amekupa hidroksiklorokini, kunywa kila siku, hata madoa yakipungua. Ukipata mimba usiiache mwenyewe. Uje kwanza kliniki. Inaomba macho yapimwe. Uifiche mbali na watoto: vidonge vichache vinaweza kuua mutoto mudogo.

Kuja mbio ukiona uso ao miguu inavimba, mukojo una damu ao povu nyingi, homa, ao kifua kinauma. Ugonjwa unaweza kuingia ndani, hata kwenye figo.

Na doa lisilosikia kuguswa, lete tulipime: hilo linaweza kuwa ukoma, nao una dawa yake.

Ukiona jirani anaficha uso wake, usimucheke. Umushike mukono, mukuje pamoja. Mukae vema.