Paje Yajaa

Msikilizaji, umesikia takwimu za sensa kwenye taarifa. Tuzitazame kutokea Paje, huku Kusini Unguja.

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Kusini Unguja na watu 115,588. Ile ya Agosti 2022 ikahesabu 195,873. Ongezeko hilo ni karibu asilimia 70, na hakuna mkoa mwingine wa Zanzibar uliokua kwa kasi hiyo. Mjini Magharibi wenyewe, wenye watu 893,169, uliongezeka kwa nusu tu.

Kwa nini likuhusu? Kwa sababu kila kichwa kipya kinataka maji, dawati, kitanda cha kujifungulia na pahala pa kutupa taka. Kiwanja cha ufukweni, walipokuwa wakianika mwani kina mama, sasa kina bei isiyosemeka na kijana wa hapa hapa.

Tuwe wa haki, lakini. Wageni waliohamia huku ndio wapishi, mafundi na madereva wa mahoteli. Wamepanga vyumba vya wenyeji, wananunua samaki na muhogo wetu. Na si wote waliotoka Bara: wapo waliohama mjini kufuata nafasi upande wa Tunguu.

Jambo moja zaidi. Sensa humhesabu mtu pale alipolala, ilhali wengi huja na msimu na kuondoka nao. Mimi naona mipango isingoje sensa ya miaka kumi. Masheha wanawajua wakaazi wao.

Je, wewe unayesikiliza, shehia yako ingeulizwa leo ina watu wangapi, ingejua?