MIMBA CHANGA, DAWA ZA KILA SIKU, NA SAFARI YA NCHI ZA NJE

Maneno yaliyosemwa na mkunga, mwanachama mwenzetu, mbele ya wafanyakazi wanawake wa Kombewa. Tumeyapiga chapa ili na wasiohudhuria wayapate.



Nimeombwa niseme juu ya mimba changa na safari. Leo nitasema juu ya mama mmoja tu: yule anayeishi na virusi vya UKIMWI, anakunywa dawa zake za ARV kila siku, ana nguvu zake, anafanya kazi yake, sasa ana mimba ya mwezi mmoja au miwili, na mbele yake kuna safari. Mama huyo yuko kati yetu. Kaunti yetu ya Kisumu, na zile jirani zake za ziwani, ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye watu wengi zaidi wanaoishi na virusi hivi. Tena wanawake wetu hawakai mahali pamoja. Huyu anapeleka omena Busia na kuvuka mpaka, huyu anapanda basi la usiku kwenda Kampala kununua nguo za kuuza, na yule anatafuta kazi ya nyumbani Saudia.

Neno langu ni hili: mimba si sababu ya kuacha dawa, wala safari si sababu ya kuacha dawa. Mama asipotibiwa kabisa, virusi huweza kumfikia mtoto, tumboni, wakati wa kuzaa au kwa kunyonya, kwa kiasi cha watoto 15 mpaka 45 katika kila 100. Mama akitibiwa vizuri, hesabu hiyo hushuka chini ya 5. Tofauti hiyo yote imo katika kile kidonge kimoja cha kila siku.

Basi kwa nini wengine huacha? Nimeona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni hofu kwamba dawa itamdhuru mtoto. Mwaka 2018 ilitoka habari kutoka Botswana iliyotia shaka juu ya dawa ya dolutegravir, ambayo imo katika kidonge wanachokunywa wengi wetu. Uchunguzi uliendelea, watoto wengi zaidi wakahesabiwa, na shaka ile ikapungua sana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema dawa hiyo itumiwe na watu wote wazima, hata wanawake wenye kutazamia kuzaa. Kwa hiyo usiache kwa kusikia maneno ya sokoni.

Lakini liko jambo moja ambalo wengi hawalijui. Vidonge vya kuongeza damu, vile mnavyopewa kliniki ya wajawazito, huzuia dolutegravir isiingie vizuri mwilini vikimezwa pamoja bila chakula. Meza vyote pamoja na chakula. Au, kama tumbo ni tupu, kunywa ARV kwanza, na vya damu baada ya saa 2. Ukiwa umetangulia kumeza vya damu, ngoja saa 6. Usiviache vile vya damu, maana ndani yake mna foliki asidi, na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika majuma manne ya kwanza, mara nyingi kabla mama hajajua ana mimba.

Sababu ya pili ni aibu ya njiani. Katika basi, au katika chumba cha kulala watu wanne, mama hataki kuonekana na chupa yake. Anasema, nitakunywa nikifika. Akifika, siku mbili zimepita. Dada yangu, vidonge havikulazimishi kubeba ile chupa inayolia. Mwulize mhudumu wako namna nyingine ya kuvifunga visiingie maji. Viweke katika mfuko unaoushika mkononi, si katika sanduku la juu ya basi. Juu ya saa ya kunywa: saa ya Kampala na ya Riyadh ni ile ile ya Kisumu, Dubai na Muscat wametutangulia kwa saa moja, Kigali wako nyuma kwa saa moja. Kichefuchefu kikikusumbua asubuhi, shauriana na kliniki uhamishie dawa usiku.

Kabla ya kuondoka, fika hospitali yako, iwe hapa Kombewa au pengine, useme mambo mawili waziwazi: nina mimba, na nasafiri. Omba dawa za muda wote wa safari na za akiba, omba kipimo cha wingi wa virusi, na omba barua ya kumpa daktari wa huko. Chukua na kijitabu cha mama na mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe mara ya kwanza kabla mimba haijatimiza majuma 12.

Usisahau malaria, adui wetu wa ziwani. Chukua chandarua chenye dawa. Ukishikwa na homa, pimwa siku ile ile. Tangu mwaka 2022 Shirika hilo linakubali dawa ya kawaida ya malaria, artemether-lumefantrine, hata katika miezi mitatu ya kwanza. Ile ya kinga iitwayo SP haipewi mimba changa. Na mama anayekunywa septrini kila siku haipewi kabisa. Mwambie anayekutibu.

Damu ikitoka, au tumbo la chini likiuma sana upande mmoja, au ukizimia, shuka kwenye basi uende hospitali iliyo karibu. Huenda mimba imetunga nje ya tumbo la uzazi, na hiyo huua upesi. Bidhaa zitangoje.

Sababu ya tatu ni mwajiri na wakala. Hapa sharti tuseme kweli. Nchi za Ghuba huwapima wafanyakazi wa kigeni virusi na mimba, na anayekutwa na virusi hunyimwa kibali au hurudishwa kwao. Wakala atakayekuambia ficha tu, utapita, hatakuwako siku ile dawa zimekwisha na pasipoti yako iko mikononi mwa tajiri. Safari ya namna hiyo, pamoja na mimba, msiikubali.

Lakini hapa nyumbani sheria iko upande wetu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi ili apate kazi, au ili asafiri kutoka nchini. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inakataza kubaguliwa kwa sababu ya mimba au virusi, inasema mimba si sababu halali ya kufukuzwa, na inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Aliyetimiza miezi 2 kazini ana haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu, kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Sikuambii utangaze habari zako katika basi. Nasema wawe watu wawili wanaojua: mhudumu wa kliniki, na mtu mmoja wa kuaminika atakayekuuliza kwa simu kila jioni, je, umekunywa?

Na kwa wajumbe wa chama nina ombi. Mama akija kuomba ruhusa ya kwenda kliniki, msimwulize ugonjwa wake mbele ya watu. Mtafutieni ruhusa, na siri yake ikae kwenu.