Mashine ya Ultrasaundi katika Zahanati: Tuulizane Kwanza

(Hotuba ya mratibu wa miradi ya dayosisi kwa kamati za afya za sharika na wageni wafadhili)



Tumepewa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo kamati nyingi zimeiandikia ofisi yetu, yaani mashine ya ultrasaundi. Barua hizo zinafanana. Usharika una zahanati, akina mama wajawazito wanasafiri mbali kwenda kupigwa picha ya tumbo, basi tunaomba mashine. Wapo hata walioanza harambee. Ombi hilo ni jema, nasi hatukuja kulipinga. Tumekuja kuomba kwamba kabla ya fedha kutoka, tuelewane mashine hiyo inafanya nini na haifanyi nini.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi, maana tukitembelea sharika tunasikia mengi. Ultrasaundi si eksirei, haina mionzi. Ni sauti, ila ni nyembamba mno kwa sikio la binadamu. Sikio letu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na mashine ya kupima tumbo la mjamzito hutumia mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 5 kwa sekunde. Kile kichwa anachokishika mpimaji hutoa sauti hiyo, kisha hunyamaza na kusikiliza mwangwi. Ndani ya nyama laini ya mwili sauti husafiri kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde. Mashine ikijua mwangwi umechukua muda gani kurudi, inajua umbali. Ni hesabu ileile ya mtu anayepiga ukelele bondeni na kusubiri mlima umjibu. Jeli ya baridi inayopakwa tumboni nayo si dawa. Kazi yake ni kuondoa hewa iliyo kati ya kichwa hicho na ngozi, kwa sababu sauti hii ikikutana na hewa hurudi karibu yote bila kuingia ndani.

Kwa hiyo akina mama wanaoogopa kwamba kipimo kinamwunguza mtoto waelezwe kwa upole. Kimetumika kwa miongo mingi, na hakuna madhara kwa mtoto yaliyothibitishwa pale kinapotumiwa na aliyefunzwa, kwa sababu za kitabibu.

Chanzo chake ni karakana za chuma. Wageni wetu kutoka Sweden watafurahi kukumbushwa kwamba ni katika mji wa Lund, mwaka 1953, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walipopima mwendo wa moyo kwa kifaa kilichotengenezwa kukagua nyufa ndani ya vyuma. Mwaka 1955 huko Scotland, daktari wa akina mama Ian Donald alipakia kwenye magari uvimbe na vifuko vya maji vilivyotolewa kwa wagonjwa wake, akavipeleka katika kiwanda cha mitambo ya mvuke karibu na Glasgow ili vipimwe kwa kifaa cha kiwandani. Wenyeji wake walimwekea na kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Mwangwi wa uvimbe wa nyama na mwangwi wa kifuko cha maji ukaonekana tofauti. Muda si mrefu akaletewa mama aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika. Kipimo kikaonyesha maji, akafanyiwa upasuaji, ukatolewa uvimbe mkubwa wa kifuko cha mayai, na mama akapona. Mwaka 1958 Donald, pamoja na daktari John MacVicar na mhandisi Tom Brown, walichapisha matokeo yao.

Tumesimulia hayo kwa sababu moja. Hata siku zile mwangwi haukumponya yule mama. Uliwaambia madaktari wapasue, na chumba cha upasuaji kilikuwepo.

Sasa turudi kwenye zahanati zetu. Mashine mikononi mwa mtu aliyefunzwa itaonyesha kama mtoto yu hai, kama wamo mapacha, kama mtoto ametanguliza matako, kama kondo la nyuma limekaa kwenye mlango wa uzazi, kama mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Hayo kila mtu anayajua, na ndiyo yanayoandikwa kwenye barua. Jinsia ya mtoto, ambayo ndiyo swali la kwanza la akina baba wengi, si sababu ya kununua mashine.

Kuna jambo lisiloandikwa kabisa kwenye barua, nalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote: kupima umri wa mimba. Mama mwingi anafika kliniki hakumbuki tarehe ya hedhi yake ya mwisho, au alipata mimba akiwa bado ananyonyesha na hedhi haijarudi. Muuguzi anakadiria kwa kupima tumbo kwa utepe. Ultrasaundi hupima mtoto mwenyewe. Katika miezi 3 ya kwanza hupimwa urefu wake kutoka utosini hadi matakoni, na makadirio huweza kukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Baadaye kidogo hupimwa upana wa kichwa na urefu wa mfupa wa paja, na makosa yanaanza kukua. Mama akija miezi 3 ya mwisho, makadirio yanaweza kupotoka hata wiki 3, kwa kuwa watoto tumboni, kama watoto wa shule, hawakui kwa mwendo mmoja. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki ya 24.

Mtauliza wiki 3 zina uzito gani. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 6, Kenya na Zambia zikiwemo. Wahudumu wa ngazi ya chini walifundishwa kuwatambua akina mama wanaoelekea kujifungua kabla ya wakati na kuwachoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Umri wa mimba ulikadiriwa zaidi kwa tarehe na kwa utepe. Wengi waliochomwa hawakuzaa watoto wadogo, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine wa sindano hizohizo katika hospitali za nchi 5, Kenya ikiwemo tena. Safari hii umri wa mimba ulithibitishwa kwa ultrasaundi, na watoto walizaliwa penye huduma ya watoto njiti. Vifo vilipungua. Hatusemi tofauti yote ililetwa na ultrasaundi, lakini dawa ile ile inahitaji kujua tarehe.

Sasa tuseme lile ambalo wafadhili wetu hawapendi sana kulisikia, nasi pia hatukupenda kulisoma. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliopeleka mashine katika vituo vya vijijini vya Kongo, Kenya, Zambia, Guatemala na Pakistan. Wauguzi, wakunga na wahudumu wengine wasio madaktari walifunzwa vizuri, na kazi yao ikakaguliwa. Akina mama 78 kati ya kila 100 walipimwa angalau mara moja. Mapacha walionekana, kondo lililotangulia likaonekana. Hata hivyo, walipolinganishwa na maeneo yasiyo na mashine, mahudhurio ya kliniki hayakuongezeka, waliojifungulia hospitali kwa sababu ya matatizo hawakuongezeka, na vifo havikupungua. Kati ya akina mama 10 waliopewa rufaa, kama 7 tu ndio walifika, na kufika hospitali si sawa na kupata huduma.

Hilo sisi tunalielewa bila kuambiwa na mtafiti. Mama anaonyeshwa kwamba kondo limeziba njia, anapewa karatasi, anarudi nyumbani kutafuta nauli. Mvua inanyesha, gari la wagonjwa halina mafuta. Kujua hatari bila kuwa na njia ya kuikwepa ni mzigo mwingine juu ya mama.

Kwa hiyo ofisi ya miradi inapendekeza mpangilio huu. Sharika zilizo karibu na kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji zitafikiriwa kwanza kwa mashine. Sharika za mbali zianze na mfuko wa usafiri wa rufaa, na kazi ya kuwahimiza akina mama kuanza kliniki mapema, maana mashine inayowapokea mwezi wa nane imechelewa kwa kazi yake iliyo bora. Hapo Umoja wa Wanawake watafanya zaidi ya ofisi yetu. Fedha za mafunzo ziwe ndani ya kila ombi, pamoja na umeme wa uhakika, matengenezo na jeli. Siku hizi kuna vichwa vidogo vinavyounganishwa na simu, na vinavutia kwa urahisi wake, ila simu haimfundishi mtu kutambua anachokiona.

Kwa zahanati ambazo hazitapata mashine mapema, tusisahau kifaa kidogo cha mkononi cha kusikiliza moyo wa mtoto, nacho hutumia sauti hiyohiyo. Moyo wa mtoto tumboni kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, na mkunga akiusikia unabadilika wakati wa uchungu anapata nafasi ya kuchukua hatua.

Fomu mpya za maombi mtazipata kwa wakuu wa majimbo. Ukurasa wa kwanza unauliza mambo ya jengo, umeme na umbali hadi chumba cha upasuaji. Ukurasa wa pili una maswali 2 tu: nani atakwenda kusoma, na nani atashika kazi yake zahanati akiwa masomoni. Kamati itakayoshindwa kuujaza ukurasa wa pili ituletee fomu hivyohivyo, tutakuja kukaa nayo.