MENEJA NA WENZAKE WA KAZI

(Hotuba kwa makatibu wa vyama vya msingi, Kurasini)



Mkazi wa Kurasini hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kazi ya pamoja, maana bandari iko mlangoni pake. Meli inapopakuliwa kwa winchi, mara nyingi mwendeshaji haoni yaliyomo ndani ya tumbo la meli. Humtazama mwenzake aliyesimama ukingoni, naye kwa ishara ya mkono humwambia inua, shusha, simama. Mtoa ishara huyo aweza kuwa kijana wa mshahara mdogo kuliko wote. Lakini akiashiria kusimama, winchi husimama kwanza, maswali yakafuata baadaye. Mwendeshaji mwenye desturi ya kumtukana kijana huyo kwa kumchelewesha, iko siku kijana atasita kuinua mkono, na chini yupo mtu.

Meneja wa chama cha akiba na mikopo, au katibu wa chama cha mazao, amekalia kiti hicho hicho. Fedha zinazopokelewa kaunta hazioni zote. Wala hayupo kila gunia linapowekwa kwenye mizani. Ajuavyo hali ya chama ni kwa kuambiwa. Basi afya ya ofisi yake hupimwa kwa jambo moja: habari mbaya huchukua muda gani kumfikia.

Chukua mfano wa karani mpokea fedha anayefunga hesabu jioni akakuta pungufu ya shilingi 40,000. Akiwa na meneja msikivu, atamwendea saa ile ile. Fedha zitahesabiwa upya na watu wawili, stakabadhi zitapitiwa, na pungufu itaandikwa kitabuni kwa tarehe yake. Lakini ikiwa juma lililopita alimwona mwenzake akifokewa mbele ya wanachama waliopanga foleni, atanyamaza. Kesho yake ataziba pengo kwa fedha za mwanachama mwingine, na stakabadhi ya huyo itaingizwa kitabuni keshokutwa. Deni la siku moja hugeuka kuwa mchezo wa mwaka mzima, hata mkaguzi afikapo hapana tena awezaye kueleza pengo lilianzia wapi. Hii si kusema kwamba woga ndio mama wa kila wizi. Wako wezi hodari waliostawi chini ya mameneja wapole kupita kiasi, ambao hawakuuliza lolote.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1970 waraka wa Rais uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi, na Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waligoma mara kwa mara wakiitaja ibara hiyo, na katika migogoro mingi kilio hakikuwa cha mshahara bali cha lugha ya wakubwa. Wako wasimamizi waliostaajabu, kana kwamba mtu akiisha kulipwa hana tena heshima ya kudai.

Karipio, pale linapostahili, litolewe faraghani mlango ukiwa umefungwa, na lihusu kosa, si ukoo wala elimu ya mtu. Anayeidhinisha mkopo asiwe ndiye anayeutoa. Mgawanyo huo humlinda hata mtu mwaminifu dhidi ya shaka za wenzake. Robo saa ya Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua mlango, yatosha kila mmoja kusema kilichomkwama, na meneja aanze kwa kusema chake.

Likizo yahitaji neno la pekee. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo. Hata hivyo vyama vingi humsifu karani asiyekwenda likizo, vikimwita mchapa kazi. Huenda ni kweli. Huenda pia amechoka hata anakosea hesabu, au yako mambo mezani pake asiyotaka mwingine ayaone. Aende likizo, na mwenzake akae kitini pake siku zote hizo. Kwa njia hiyo ofisi hupata watu wawili waijuao kazi moja.

Lipo swali linaloachwa mara nyingi: karani afanyeje ikiwa meneja mwenyewe ndiye anayetisha, au ndiye anayechukua? Hapo Bodi isingoje mkutano mkuu. Kila mwajiriwa, pamoja na mlinzi na mfagizi, aambiwe siku ya kuajiriwa kwamba aweza kumwendea mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi bila kupitia kwa meneja, na namba ya simu ya mwenyekiti huyo ibandikwe ukutani mahali panapoonekana. Meneja ndiye aibandike kwa mkono wake.